Kuingia Kamusini kwa Mlango wa Uani

Mchezaji wa Scrabble ana kete saba mbele yake, na mojawapo ni Q. Kete hiyo ina thamani ya pointi 10, lakini U zote nne za mchezo zimekwisha kutandazwa ubaoni, na shuleni alifundishwa kwamba katika Kiingereza Q haitembei bila U. Anaigeuzageuza, anakunja uso, mwishowe anairudisha mfukoni na kupoteza zamu. Kumbe neno alikuwa nalo tangu utotoni. Kama amewahi kusikia habari za kadhi, kibla, talaka, fakiri au wakfu, basi anazijua tayari *qadi*, *qibla*, *talaq*, *faqir* na *waqf*, na yote hayo yamo katika orodha ya Collins inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa. Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu kikayavisha K. Kiingereza kikayapokea kikayaachia Q yao.

Msamiati mchezaji huyu alikuwa nao. Alichokosa ni njia ya kuufikia. Akili ya mtu huhifadhi maneno kwa sauti na kwa maana: ukitaja kadhi, papo hapo huja mahakama, ndoa na mirathi. Haiyahifadhi kwa herufi ya nne, wala kwa herufi isiyokuwamo. Ndiyo maana swali linaloonekana la kitoto, la neno gani la Kiingereza lina herufi fulani, limewashughulisha watunga kamusi, wavunja siri, wapiga chapa na wataalamu wa kompyuta. Ukilifuata swali hilo mpaka mwisho, unakuta mambo mawili. Kwanza, kulisaka neno kwa herufi ni kazi ya kupanga maneno upya kabla ya kuwa kazi ya kukumbuka. Pili, katika Kiingereza herufi hubeba habari za ukoo wa neno, na anayeujua ukoo hufika mapema.

Nyumba yenye mlango mmoja

Kamusi ya kawaida ina mlango mmoja tu, herufi ya kwanza. Ukijua neno linavyoanza, unakaribishwa hadi barazani. Ukijua linavyoishia tu, au kilichomo katikati yake, utabaki nje ukibisha hodi. Msomaji wa Kiswahili anaijua tabu hii. Anayetafuta “walimu” inambidi aende kwenye M, na anayetafuta “alinipigia” hana budi kuvua viambishi mbele na nyuma mpaka abaki na “piga”, ndipo afungue P. Tumezoea kulivua neno nguo kabla ya kulipeleka kamusini.

Malenga naye hubisha hodi upande wa pili. Aliyefunga kina cha “-ri” anataka bahari, safari, hatari na shwari zije pamoja, lakini kamusi imezitawanya kwenye B, S na H, na hata zile mbili za S zimetenganishwa na kurasa kadhaa. Waingereza walikuwa na shida hiyohiyo. Mwaka 1775 John Walker alichapisha London kamusi iliyopanga maneno kwa miisho yake, yaani kwa kuyasoma kutoka nyuma kwenda mbele, na ikawafaa washairi kwa vizazi vingi. Katika karne ya 20, wahariri wa kamusi za Merriam-Webster huko Springfield, Massachusetts, walitengeneza faharasa ya kadi zipatazo 315,000, kila kadi ikiwa na neno lililopigwa taipu kinyumenyume. Mhariri aliyetaka kuona maneno yote yenye mwisho mmoja alikwenda kwenye droo moja tu. Neno moja moja halikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio, na mlango wa uani ukafunguka.

Aliyethubutu zaidi aliwatangulia wote hao kwa miaka elfu moja. Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Omani aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa arudhi ya Kiarabu, elimu ambayo jina lake washairi wetu wanalitumia hadi leo. Kamusi inayohusishwa naye, *Kitab al-Ayn*, haikufuata alfabeti ya kawaida. Ilianza na sauti zinazotoka ndani kabisa ya koo, kisha ikasogea kuelekea midomoni. Ndani ya mpangilio huo akafanya jambo jingine: alichukua herufi za mzizi na kuzizungusha kwa kila njia. Mzizi wa herufi tatu una mizunguko sita, wa herufi nne una 24, wa herufi tano una 120. Mizunguko yote ya kundi moja ikawekwa mahali pamoja, ikionyeshwa ni ipi inayotumika katika lugha na ni ipi iliyoachwa. Huko ni kuuliza “herufi hizi zinaweza kuzaa maneno gani?” na kujibu kwa utaratibu, bila kutegemea bahati ya kumbukumbu. Mswahili anayeona undugu wa kitabu, katibu na maktaba kupitia k, t na b anaonja tunda la mti huohuo.

Herufi ilipoachana na sauti

Kwa nini basi swali hili limeota mizizi katika Kiingereza kuliko katika Kiswahili? Sababu ni kwamba kwetu herufi ni mtumishi wa sauti. Michezo yetu ya maneno huchezwa kwa silabi. Watoto wa pwani wanaocheza kinyume hupeleka silabi ya mwisho mbele, “kitabu” ikawa “bukita”. Vina na mizani ni hesabu za silabi. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Atakayetunga mchezo wa kubahatisha maneno ya Kiswahili ya herufi tano atagundua kwamba kisanduku cha mwisho kimekwisha kutoa nusu ya siri kabla mchezo haujaanza.

Kiingereza hakina unyenyekevu huo. *Strengths* ina herufi tisa na irabu moja. *Rhythms* ina herufi saba na hakuna hata moja kati ya a, e, i, o, u. Na kuna herufi bubu, zinazoandikwa bila kutamkwa, ambazo zimewatesa wanafunzi wetu kwa imla nyingi. Ukichunguza, nyingi zina historia. K ya *knife* na *knee* ilitamkwa zamani. Ulimi uliiacha, kalamu ikaendelea nayo. B ya *debt* haikutamkwa hata mara moja: neno liliingia kutoka Kifaransa bila b, kisha wasomi wa karne ya 16 wakaipachika ili kukumbusha *debitum* ya Kilatini. S ya *island* ni kosa la kiheshima. Neno ni la Kiingereza cha kale na halikuwa na s, ila watu walilidhania kuwa ndugu wa *isle*, ambalo asili yake ni Kilatini, wakaliazima herufi isiyokuwa yake.

Hapo ndipo kulisaka neno kwa herufi kunapokuwa elimu. Kusanya maneno yenye *kn* mwanzoni, utakuwa umekusanya kwa sehemu kubwa ukoo wa lugha za Kigermanik. Kusanya yenye *ph* inayotamkwa f, utajikuta karibu kila mara mbele ya Wagiriki. Kusanya yenye Q isiyofuatwa na U, utapanda jahazi hadi Uarabuni na hata China, ilikotoka *qi*, neno la herufi mbili ambalo wachezaji wa Scrabble hulishika kama tasbihi. Sauti ingekuficha undugu huo, kwa sababu k ya *qibla* na k ya *kettle* zimekaribiana mno masikioni mwa Mwingereza. Herufi ndiyo iliyobaki na kumbukumbu.

Hesabu ya nini?

Kabla ya kusaka, msakaji anahitaji kujua herufi zipi ni nyingi na zipi ni adimu. Elimu hii nayo ina mzee wake: al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu alama zinazojirudia na kuzilinganisha na herufi zinazojirudia katika lugha ya kawaida. Katika maandishi ya Kiingereza, kati ya kila herufi 100, E huwa kama 12 au 13. Ndiyo maana katika alama za Morse E ni nukta moja na T ni kistari kimoja, huku Q ikipewa alama nne. Inasimuliwa kwamba Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, alipima wingi huo kwa kutazama akiba ya herufi katika makasha ya mpiga chapa: penye rundo kubwa ndipo penye herufi inayotumika sana.

Katika miaka ya 1930, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, alikaa na magazeti akihesabu herufi ili kujua mchezo wake uwe na kete ngapi za kila aina. Kutokana na hesabu hiyo E zikawa 12, kila moja pointi moja, na Q na Z zikawa moja moja kwa pointi 10. S aliziweka nne tu ingawa ni herufi ya kawaida sana, ili wachezaji wasijinufaishe kwa kubandika alama ya wingi kwenye kila neno. Mchezo ulibadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1948 James Brunot akauingiza sokoni kwa jina la Scrabble.

Lakini hesabu ina mtego wake: umehesabu nini? Kwenye gazeti, H ni nyingi kwa sababu *the*, *that*, *he* na *his* hujirudia kila mstari. Kwenye orodha ya maneno, ambamo *the* huhesabiwa mara moja tu, H hushuka cheo. S nayo hupanda iwapo orodha ina wingi wa kila nomino, na hushuka ukiuondoa. Anayebahatisha kwa takwimu za gazeti katika mchezo unaotumia orodha anapima unga kwa futi.

Maswali matatu ndani ya moja

Tukilipasua swali la herufi, tunakuta maswali matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni la mahali: herufi fulani iko katika nafasi fulani. Hili ndilo swali la fumbo la maneno, mchezo uliozaliwa katika gazeti la *New York World* tarehe 21 Desemba 1913 kwa mkono wa Arthur Wynne, Mwingereza aliyehamia Marekani. Mfumbuzi ana nafasi saba, ya tatu ni R na ya mwisho ni G. Mzoefu haanzi kukariri kamusi. Anatazama mwisho na kujiuliza kama G ile ni mkia wa *-ing*, maana ikiwa ndivyo amepata herufi mbili zaidi bila jasho. Viambishi tamati vya Kiingereza, *-ing*, *-ed*, *-tion*, *-ness*, ndivyo ngazi yake. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuona *-ana*, *-isha* na *-lia* mwishoni mwa vitenzi ana jicho la kazi hii tayari, ila tu hajaambiwa alitumie.

La pili ni la kuwapo: herufi hizi zimo, kwa mpangilio wowote. Hili ndilo swali la Scrabble. Herufi saba tofauti zina mipangilio 5,040, na hakuna awezaye kuipitia yote kichwani ndani ya zamu moja. Mabingwa hutumia hila ya kuzipanga kwanza kwa alfabeti, kisha kuukariri mpangilio huo kama jina. A-E-I-N-R-S-T kwao ni anwani, na wakazi wake wanajulikana: *nastier*, *retains*, *retinas*, *stainer*, *antsier*, *stearin*, na *retsina*, mvinyo wa Wagiriki. Al-Khalil angeitambua njia hii mara moja: mizunguko yote ya herufi zilezile huwekwa chumba kimoja.

La tatu ni la kutokuwapo: herufi fulani haimo. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa akili ya mtu, kwa sababu kumbukumbu huitika inapoitwa kwa kilichopo. Mmarekani Ernest Vincent Wright alichapisha mwaka 1939 riwaya *Gadsby*, yenye maneno zaidi ya 50,000, bila herufi E. Alieleza kwamba aliifunga kamba E ya taipureta yake ili isiponyoke. Mfaransa Georges Perec alifanya hivyo katika Kifaransa kwa *La Disparition* ya mwaka 1969. Anayetaka kuujua uzito wa kazi hiyo kwa Kiswahili aiache A. Atapoteza “na”, “ya”, “wa” na “kwa”, atapoteza karibu kila kitenzi chenye asili ya Kibantu, na kabla ya aya ya kwanza kuisha atakuwa bubu.

Uzuri wa Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano uliotungwa na Josh Wardle, ukaenea duniani mwishoni mwa mwaka 2021 na kununuliwa na *The New York Times* Januari 2022, ni kwamba uliyafunga maswali yote matatu katika rangi tatu. Kijani ni mahali, njano ni kuwapo, kijivu ni kutokuwapo. Herufi 26 zinaweza kujaza visanduku vitano kwa njia 11,881,376. Mchezo ulianza ukikubali maneno yasiyofika 13,000, na majibu yenyewe yalikuwa takriban 2,300, yakichaguliwa kati ya yale yanayojulikana na wengi. Katika majibu hayo wingi wa kawaida wa S uliachwa, kwa hiyo anayeanza kwa kuweka S mwisho anaipoteza mbinu iliyomfaa kwenye Scrabble. Orodha ndiyo sheria ya mchezo, hata pale isipoonekana.

Mashine hujibu ulichouliza

Leo mtu mwenye simu anaweza kuandika herufi zake na kuletewa orodha kabla hajakohoa. Nyuma yake kuna programu za aina ya *grep*, iliyoandikwa na Ken Thompson katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaipa umbo la neno, nayo inapita orodha nzima mstari kwa mstari. Ukiiagiza ilete kila neno lenye Q inayofuatwa na herufi isiyokuwa U, itakuletea *qadi*, *qibla*, *faqir* na *waqf*. *Talaq* haitakuja. Kwa nini? Kwa sababu Q ya *talaq* haifuatwi na kitu chochote. Ni ya mwisho. Wewe ulikusudia “Q bila U”, lakini uliandika “Q yenye jirani asiye U”. Mashine haikukosea. Imekujibu neno kwa neno, kama mtoto mtiifu aliyetumwa chumvi akarudi na chumvi wakati mama alitaka chumvi na ndimu.

Kasi nayo hutegemea mpangilio, kama ilivyokuwa kwenye kadi za Springfield. Mwaka 2022 mwanahisabati Matt Parker alisimulia jinsi programu aliyoiandika ilivyochukua takriban mwezi mzima kutafuta maneno matano ya herufi tano yasiyorudia herufi hata moja, yaani herufi 25 tofauti kwa jumla. Jibu mojawapo ni *fjord*, *gucks*, *nymph*, *vibex*, *waltz*, na Q ndiyo iliyoachwa nje. Waliomsikiliza wakaishughulikia kazi hiyo hadi ikamalizika ndani ya sehemu ya sekunde. Sehemu kubwa ya faida hiyo haikutokana na kompyuta yenye nguvu zaidi. Waligeuza kila neno kuwa safu ya swichi 26, moja kwa kila herufi, hivi kwamba kujua kama maneno mawili yanashiriki herufi kukawa tendo moja la hesabu. Na wakaanza na herufi adimu, ambazo huondoa njia nyingi mapema.

Na maana je?

Kuna mtu anayelipeleka swali hili ukingoni. Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mara kadhaa, alitwaa ubingwa wa dunia wa Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Mwaka 2024 akafanya hivyo kwa Kihispania. Alikariri orodha za maneno. Kwake neno ni umbo la herufi na thamani ya pointi, basi.

Kwa mchezaji wa mashindano hilo linatosha. Afrika nayo imekaa kwenye meza hizo: Wellington Jighere wa Nigeria aliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 2017 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya WESPA, chama cha dunia cha wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza. Lakini kwa mwalimu na mwanafunzi, umbo peke yake ni ganda. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi wakusanye maneno ishirini yenye *kn*, kisha awaulize kwa nini K haisemi, amewafundisha imla na historia kwa pigo moja. Yule anayewaagiza wasake Q bila U, kisha watafute ndugu wa maneno hayo katika Kiswahili, amewaonyesha kwamba hawakuingia Kiingereza mikono mitupu.

Mlango huo hupitwa pande zote mbili. Katika orodha ya Collins wamo pia *bwana*, *askari*, *uhuru*, *ujamaa*, *ugali*, *matatu* na *mzee*. Mchezaji wa Toronto au Perth aliyeshika M na Z bila kujua azipeleke wapi hulithamini sana *mzee*, na huenda hajui kwamba ni neno la kumwamkia mtu kwa heshima. Akipata S, ataibandika mwisho, na orodha itamkubalia: *mzees*. Sisi tungebadilisha kichwa, tukasema wazee. Kwao wingi uko mkiani, kwetu uko mlangoni. Herufi zile nne, M, Z, E na E, ni zilezile kwake na kwetu. Ila yeye anaona pointi kumi na tano, na sisi tunaona mtu wa kuamkiwa.